Jina Alilolileta Sajini Kutoka Vitani

Benchi la Athman lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya madebe mawili yaliyojaa mawe, kwenye baraza ya duka lililofungwa, pale barabara ya Mumias inapoingilia mji wa Kakamega. Athman alifika na birika lake kila siku saa nane mchana, na kabla makaa hayajashika vizuri wenyewe walikuwa wamekwisha kaa, kila mtu pake. Kulia alikaa Cornelius, karani wa mahakama, waliyemwita Muhuri kwa sababu yeye hakusema jambo, alilipitisha. Katikati alikaa Masinde, fundi wa baiskeli, jina la kijiweni Spoku, aliyetandaza vyuma vyake hapo hapo mbele ya miguu yake ili asikose kazi wala ubishi. Kushoto kabisa, penye ukuta wa kuegemea, palikuwa pa Philemon, na Philemon ndiye Sajini. Jeshini alikuwa koplo; cheo hicho kingine alipandishwa na benchi, naye hakukata rufaa.

Ulikuwa mwezi wa nne, mwaka wa sitini na mbili. Uhuru ulikuwa ukitajwa kila penye watu wawili, lakini siku hiyo hakuna aliyeutaja, maana Sajini alikuja amevaa koti la kaki la vitani, limepigwa pasi mpaka linang'aa, na medali kifuani.

Athman akampima kwa macho kutoka juu hadi chini.

— Kuna gwaride na sisi hatukualikwa?

— Nina mjukuu, akasema Sajini. Leo anapata jina.

Mtoto alikuwa wa Bramwel, mwana wa kwanza wa Sajini, na hiyo ilikuwa siku yake ya tisa duniani. Siku tatu mfululizo alikuwa amelia bila kunyamaza. Jael, mke wa Sajini na nyanya wa mtoto, alimpakata akamwitia majina ya wafu wa nyumbani, mmoja mmoja, kama inavyofanywa, akingojea lile ambalo mtoto angelisikia atulie. Wafu wa ukoo wakaitwa wote. Wakaitwa na wa upande wa mama. Mtoto akaendelea kulia. Ndipo Sajini aliposema kwamba jina analolilia halimo katika hao. Analo yeye, na amelihifadhi miaka kumi na saba. Jael alikubali shingo upande. Mideva, mama wa mtoto, alikuwa amempeleka kliniki asubuhi, akaambiwa kadi haiwezi kuandikwa mtoto asiye na jina. Kwa hiyo angepitia hapa barazani, achukue jina kwa baba mkwe wake, arudi liandikwe kabla kliniki haijafungwa saa kumi, kisha alipeleke nyumbani, ambako kuku alikuwa amekwisha chinjwa.

— Na jina lenyewe? akauliza Masinde, ingawa alilijua. Wote walilijua.

— Atomi.

— Atomi wa Bramwel, akasema Athman, akilionja kama kahawa. Wallahi Lurambi yote hakuna mwingine.

— Hakuna, akakubali Sajini, na kifua kikapanda na medali yake.

Hadithi ya jina hilo benchi liliijua kama watu wanavyojua sala. Ilianzia India, kambini, mwaka wa arobaini na tano. Sajini na wenzake walikuwa wametoka misitu ya Bama, kwenye vita na Wajapani, wakiwa pungufu. Kipsang aliyelala naye hema moja alibaki huko matopeni, na wengine ambao bado aliwataja kwa majina yao. Sasa walikuwa wakingojea meli ya kuwapeleka mbele tena, kwenye vita ambavyo maafisa wenyewe walivizungumza kwa sauti ya chini. Sajini alikuwa amekwisha mwandikisha karani barua ya mama yake, ile ya kusomwa kama hatarudi. Halafu asubuhi moja wakapangwa mistari, afisa akapanda juu ya sanduku, akasema limeangushwa bomu moja, moja tu, na mji mzima umekwisha. Baada ya siku tatu, jingine. Baada ya wiki, vita vimeisha, mtarudi makwenu. Wakapewa bia. Sajini alilia mbele za watu. Akamwendea mkalimani, akamwomba amtamkie jina la hilo bomu mara tatu, asije akalisahau njiani. Wenzake walirudi na mablanketi na saa za mkononi. Yeye alirudi na neno.

Alitaka kumpa binti aliyezaliwa baada ya hapo. Mama wa Sajini akakataa, akampa binti jina la dada yake mwenyewe, na mambo yakaishia hapo, kwa sababu mama yake alikuwa mtu ambaye hata mawe ya mvua yalimwogopa. Mwaka uliopita mama alifariki. Sasa mkubwa wa boma alikuwa yeye.

— Watu wanaitwanga kwa nzige, akasema, kama aliyesikia mtu akipinga. Wanaitwanga kwa njaa. Kuna mtu huko Matete anaitwa Barabara kwa sababu mama yake alizaa siku greda ilipita. Mimi nikiita mtoto kwa kitu kilichonirudisha nyumbani, kosa iko wapi?

Masinde alikuwa akipuliza mpira wa ndani, mashavu yamejaa. Athman alimimina. Cornelius tu ndiye aliyekuwa na gazeti la Nairobi mapajani, la siku tatu nyuma, na hakulifungua kwa mbwembwe zake za kila siku. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja. Sajini aliliona hilo, na likamkera kidogo.

— Muhuri, leo umekula nini? Soma bwana. Uhuru umefika wapi?

— Sajini, akasema Cornelius, hilo jina lako limeandikwa humu.

— Limeandikwa? Sajini akainama mbele, uso umeng'aa. Wanasemaje?

— Wanasema majivu yake yanatembea.

Akasoma, akitafsiri kutoka Kiingereza sentensi kwa sentensi kama alivyofanya mahakamani. Mataifa makubwa hayana vita sasa, lakini yanalipua mabomu hayo kwa kuyajaribu tu. Warusi waliyalipua mwaka jana huko kwenye barafu. Wafaransa mwaka wa sitini, katika jangwa letu la huku Afrika, bila kumwomba mwenye jangwa. Wamarekani wametangaza kuanza mwezi huu huu. Na vumbi la bomu likishapanda juu ya mawingu halirudi pale lilipotoka. Huchukuliwa na upepo, huzunguka dunia, na hushuka na mvua, popote mvua inaponyesha.

Mvua ilikuwa neno baya kulitaja Kakamega. Hapo ndipo mahali ambapo mawe ya mvua hunyesha mpaka mabati yatoboke, na mwisho wa mwaka uliopita ilikuwa imenyesha kana kwamba kuna mtu aliyesahau kuifunga. Madaraja yakaenda, ziwa huko chini likapanda likameza mashamba ya watu.

Masinde akautoa mdomo kwenye mpira.

— Si nilisema? Nilisema hii mvua si ya Mungu. Wamepasua mbingu hawa watu. Wamepasua, na maji ya juu yakamwagika yote.

— Wewe ulisema ni ya vyama vya siasa, akasema Athman.

— Nilisema vyama ndio vilifungua. Haya, nani alipasua?

Na hapo kijiwe kikashika moto. Athman akaapa kwamba juzi, mawe yaliponyesha, alilipasua moja kwa kisu cha kahawa, na ndani yake akakuta punje nyeupe, ngumu, isiyoyeyuka. Aliitupa motoni ikalia. Masinde akasema hayo ni madogo. Spoku mpya, zile njiti za gurudumu, siku hizi zinaliwa na kutu kwa wiki mbili. Zamani zilikuwa zinakaa miaka mitatu. Wateja wanamwona yeye mwizi, kumbe kuna kitu hewani kinachotafuna chuma. Kumbikumbi mwaka huu walitoka saa sita mchana, jua kali, kama watu waliofukuzwa chini ya ardhi. Nyani wa msituni wameacha msitu wanaingia mahindi ya watu, wanakimbia nini? Kuku wa shemeji yake huko Chekalini ametaga yai lisilo na ganda, limevaa ngozi tu kama jicho.

Sajini alicheka mpaka akalegeza kifungo cha koti. Kila nadharia iliyozidi ujinga ilimpa nguvu. Bomu lake lilikuwa limeangushwa mara mbili, likamaliza vita, likakoma. Haya mengine ni watu wazima wanacheza na moto, na moto wa kuchezea hauwezi kutoka Urusi ukaja kutafuta yai la mtu Chekalini. Akamgeukia Cornelius ili waungane kuwacheka wenzao.

Cornelius hakucheka.

— Sijamaliza, akasema. Hiyo mvua inashuka kwenye majani. Ng'ombe anakula majani. Sumu inapita katika maziwa. Mtoto anakunywa. Humo ndani kuna kitu kimoja ambacho mwili unakidhania ni chokaa, ile inayojenga mfupa. Basi unakichukua, unakijengea. Kinakaa mfupani. Hakitoki.

— Mtoto wa nani? akauliza Athman.

— Wameandika mtoto. Hawakusema wa nani.

Masinde akauweka mpira chini. Akasema hayo ya mifupa yeye anayo tangu mwaka jana. Kuna mwalimu mmoja wa misheni alimletea baiskeli, akamwambia kwamba huko Amerika wanakusanya meno ya watoto. Jino likitoka tu, mama analifunga kwenye bahasha, linapelekwa kwa madaktari, na madaktari wanalisaga kutafuta bomu ndani.

Hapo hata mpita njia mmoja aligeuka kutazama, kwa jinsi walivyocheka. Meno. Kila mtu wa benchi hilo alikuwa amelitupa jino lake la utoto juu ya paa, aombe jipya, na Marekani yenye magari na vyuma vyote vile iwe inanunua stempu za kutuma meno ya watoto. Athman akakiondoa kikombe mbele ya Masinde, akasema kahawa yake haiwezi kutumiwa kwa uongo wa kiasi hicho. Sajini alijifuta machozi kwa mkono wa koti.

— Spoku, akasema, wewe ungekuwa jeshini wangekufunga. Unaogofya askari bure.

— Mimi nasema nilichoambiwa.

— Kutafuta bomu kwenye jino. Wanalitafuta na darubini ama na koleo?

Cornelius alikuwa amefungua ukurasa mwingine. Aliusoma kimya, midomo ikisogea, na walipoona midomo inasogea bila sauti, kicheko kikapungua chenyewe.

— Ni kweli, akasema.

— Nini ni kweli?

— Meno. Imeandikwa hapa. Kina mama wanayatuma kwa maelfu. Wale waliozaliwa baada ya mabomu kuanza wana sumu hiyo menoni zaidi kuliko waliozaliwa kabla yao. Madaktari wamepima.

Aliyeshtuka kuliko wote alikuwa Masinde mwenyewe. Uso wake ulibaki wazi kama wa mtu aliyeegemea mlango akidhani umefungwa. Kumbe siku zote hizo alikuwa akiisema hadithi ile kwa kuwa ilikuwa tamu. Hata siku moja hakuwa ameisadiki. Athman akakirudisha kikombe mbele yake polepole.

Na kana kwamba yamesubiri zamu yake, manyunyu yakaanza. Yalikuwa manyunyu tu, yale ambayo kwa kawaida hayamwinui mtu wa Kakamega hata kope. Lakini Masinde akavuta miguu ndani. Cornelius akavuta miguu ndani. Athman akaweka kiganja juu ya mdomo wa birika, akakiacha hapo ingawa ulikuwa wa moto. Sajini aliwaona, akaona aibu kwa ajili yao. Akanyoosha mkono nje ya baraza, kiganja juu, awaonyeshe. Matone matatu, manne yakamtua. Aliyatazama. Halafu akaurudisha mkono, na kabla hajajizuia alikuwa amekwisha ufuta kwenye koti, mara mbili, kwa nguvu.

Hakuna aliyemcheka.

— Endelea, akamwambia Cornelius.

Cornelius akaendelea. Kulikuwa na kisiwa katika bahari ya mbali, na watu wake ni wavuvi na wakulima wa minazi. Mwaka wa hamsini na nne Wamarekani walijaribu bomu kubwa huko baharini, maili nyingi kutoka kwa watu hao. Upepo ukalichukua vumbi ukawapelekea. Lilianza kuanguka mchana, jeupe, laini, kama unga. Lilianguka juu ya mapaa, katika maji ya kunywa, juu ya chakula kilichoandaliwa. Hawakuwa wameambiwa kitu. Watoto wakatoka nje kulichezea. Walilipaka usoni.

Juzi tu mawe yalipokoma, watoto wa mji huu walikuwa wamemwagika nje na mabakuli na masufuria, wanaokota, wanafyonza, wanatupiana, kama walivyofanya baba zao. Binti mdogo wa Cornelius alimletea yeye mwenyewe jiwe moja kubwa akiwa amelifungia kwenye gauni, na yeye akalitia mdomoni ili amfurahishe. Hilo Cornelius hakulisema. Alisema tu:

— Jioni wakaanza kuwashwa. Kutapika. Ngozi ikaungua bila moto. Baadaye nywele zikatoka, zinashikwa tu zinakuja. Walikaa hapo siku mbili kabla ya kuja kuchukuliwa.

— Siku mbili, akasema Athman. Astaghfirullah. Na waliolipua walijua?

— Walijua wamelipua.

Sajini alikuwa askari, na kuna swali ambalo askari huuliza kwanza.

— Hao watu wa kisiwa walikuwa wanapigana na nani?

— Hawakuwa wanapigana na mtu.

— Basi kwa nini wakapigwa?

— Hawakupigwa, Sajini. Upepo uligeuka.

Sajini aliyarudia maneno hayo moyoni, akitafuta mahali pa kuyaweka, asipate. Katika vita alivyovijua yeye, mtu alikufa kwa sababu kuna mtu mwingine aliyemtaka afe. Kulikuwa na adabu fulani katika jambo hilo, hata kama ni adabu mbaya. Hii ya mtoto kujipaka kifo usoni kwa mchezo, na aliyekituma yuko maili mia huko akiandika vipimo vyake daftarini, hakuwahi kufundishwa jina lake.

— Miaka mitatu baadaye wakarudishwa kisiwani, akamalizia Cornelius. Waliambiwa pako salama. Minazi ile ile, samaki wale wale.

— Na ile ya kwanza? akauliza Sajini.

— Ipi?

— Ile yangu.

Cornelius aliikunja karatasi nusu, kama mtu anayeificha picha.

— Philemon, akasema, akimwita hivyo kwa mara ya kwanza miaka hiyo yote. Tunywe kahawa.

— Soma.

Basi akasoma kifungu cha mwisho, kifupi, kilichowekwa chini kabisa kana kwamba nafasi ilikuwa imebaki tu. Katika miji ile miwili watu bado wanaingia hospitali, mwaka wa kumi na saba huu. Wengine hawakuguswa siku ile. Walitoka wazima, wakaoa, wakaolewa, halafu damu yao ikageuka ndani kwa ndani. Wengi wa waliougua damu hiyo walikuwa watoto bomu lilipoanguka.

Afisa juu ya sanduku alisema mji. Mji mzima umekwisha. Na Sajini, ambaye wakati ule alikuwa ametoka kumwacha Kipsang matopeni, alikuwa ameuona mji huo wazi kabisa: mabweni, mizinga, askari wamepanga mistari kama wao. Aliuona hivyo kila alipoisimulia hadithi yake, miaka kumi na saba, barazani, matangani, kwenye pombe, na katika mji ule aliouona hamkuwa na mtoto hata mmoja. Hamkuwa na mama anayeanika nguo. Hakuna aliyemwambia wamo. Na yeye hakuwa ameuliza. Alipewa bia, akanywa.

Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea mahakamani mbele ya karani anayemjua.

— Lakini mimi ningekufa, akasema. Meli ilikuwa inakuja. Barua ya mama ilikuwa imeandikwa. Kama hiyo kitu haikuanguka, mimi siko hapa. Hata nyinyi mngekuwa mnakunywa kahawa na mtu mwingine.

— Ni kweli, akasema Cornelius.

— Bramwel angekua hana baba.

— Ni kweli, Sajini.

— Sasa mnataka nifanye nini? Nisifurahi kwamba niko hai?

Walikuwa hawajamtaka kitu. Masinde alizungusha gurudumu lililokuwa mapajani, akalitazama likizunguka mpaka likasimama.

Ndivyo walivyokuwa Mideva alipofika.

Alikuja kwa haraka kutoka upande wa kliniki, mtoto amefungwa kifuani, leso imevutwa juu ya kichwa chake kidogo. Alisimama ng'ambo ya mtaro, penye manyunyu, uso ameuelekeza pembeni. Hiyo ilikuwa heshima: mke wa mwana hasogei alipoketi baba mkwe wake, hamtazami usoni, wala hamwambii neno mdomo kwa mdomo; huzungumza na mtu mwingine na mkwe husikia. Siku nyingine yoyote wangemwacha hapo amalize shida yake aende. Lakini Athman aliliona tone likitua juu ya leso, likapanuka, na akasimama ghafla.

— Mama, ingia. Mtoto analoa. Ingia huku chini ya bati.

— Nitasimama hapa tu, mzee.

— Usisimame hapo.

— Si mvua kubwa.

— Mama, nakuomba.

Alishangaa. Wazee hawa walijulikana kwa kutosikia hata mawe yakinyesha, na leo walimtazama yeye na mtoto wake kwa macho ya watu wanaotazama nyumba inaungua. Lakini hakusogea, hakuweza, maana baba mkwe alikuwa ameketi pale.

Sajini akaelewa. Akainuka, akajibana na ukuta, akashuka ngazi za upande wa pili, akaenda kusimama barabarani, mgongo kwa baraza, ili nafasi ibaki wazi. Manyunyu yakazidi. Hakuweka kitu kichwani. Alisikia nyuma yake viatu vya Mideva vikivuka mtaro, na mtoto akiguna usingizini, amenyamaza kwa mara ya kwanza kwa siku tatu.

— Mzee Athman, akasema Mideva, niulizie baba jina. Kliniki wanafunga.

Athman akamtazama Cornelius. Cornelius akalitazama gazeti. Athman akageukia mgongo wa koti uliokuwa ukigeuka rangi kwa maji.

— Sajini. Mama anauliza jina.

Sajini akatikisa kichwa. Hakugeuka. Akatikisa tena, ili wasije wakadhani ni baridi.

— Mama, akasema Athman, mwambie Jael atafute lingine huko nyumbani. Hilo limerudishwa.

— Nitamwambia.

Alikubali kwa unyenyekevu, akarekebisha leso. Lakini hakuondoka. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa aliyetumwa na mama mkwe, na hakutaka kurudi na ujumbe nusu.

— Isipokuwa nitaulizwa, akasema. Bramwel ameniambia huyo Atomi ndiye aliyemwokoa baba vitani. Mimi nilikuwa nimefurahi. Na mama alisema nikipewa jina nisilete jina tupu, niulize habari zake, kwa sababu mtoto akikua mimi ndiye wa kumwambia. Mimi mwenyewe najua nimepewa la nani: alikuwa mfinyanzi, mkono wa kushoto, alizikwa chini ya mtini kwetu Maragoli. Sasa nikisema jina limekataliwa, mama ataniuliza huyo mtu ana kosa gani. Niulizie tu, mzee. Alikuwa mtu wa namna gani? Aliacha watoto?

Athman alifungua mdomo ili alipitishe swali, kama desturi inavyotaka, na halikupita. Aligeukia benchi apate msaada. Masinde alikuwa ameinamia vyuma vyake, akiokota spoku moja moja kutoka chini na kuziweka chini tena. Cornelius aliyajua majibu yaliyoandikwa yote, na katika hayo hili halikuwamo. Nje, Sajini alikuwa na hadithi aliyoisimulia miaka kumi na saba, na sasa aliipitia harakaharaka tangu sandukuni mpaka nyumbani, akitafuta ndani yake mtu mmoja, mmoja tu, ambaye angeweza kumtaja kwa msichana huyu.

Mvua ilikuwa imeshika juu ya mabati. Mideva akadhani ndiyo iliyowazuia wasisikie. Akasogea mpaka ukingoni mwa baraza, akamfunika mtoto vizuri, na akauliza tena, polepole, kwa sauti ya juu kidogo, ili hata aliyesimama barabarani asikie.